Mpe Jembe: Haki ya Mhamiaji katika Simulizi na Maisha ya Wakamba wa Kitui na Makueni

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" imefafanuliwa mara nyingi, katika vitabu vya shule na hata katika tahakiki za wasomi, kuwa ni onyo dhidi ya uvivu. Ukarimu una mpaka. Anayekula sharti afanye kazi. Fasiri hii si ya kubezwa, kwani ndiyo inayotawala matumizi ya methali hiyo katika mazungumzo ya kila siku. Hata hivyo, inaacha swali moja bila kuliguza. Mgeni aliyepewa jembe siku ya tatu atalima shamba la nani? Akilima la mwenyeji, huyo ni kibarua. Akilima lake mwenyewe, basi si mgeni tena. Methali imenyamaza mahali hapo hasa, na katika kimya hicho ndimo ulimofichwa uzito wa kimaadili wa suala zima la uhamiaji.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kurejelea historia ya makazi ya Wakamba katika sehemu za Kitui na Makueni. Sehemu hizi zimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wake wamepata kusimama katika kila upande wa uhusiano wa mgeni na mwenyeji: wamehama, wamehamishwa, wamepokewa, wamefukuzwa, na wao pia wamewapokea wengine. Pili, fasihi simulizi yao imehifadhi masimulizi ya kuhama bega kwa bega na masimulizi yanayokana kwamba kuhama kulitokea. Hoja inayotetewa hapa ni kuwa haki ya mhamiaji haitokani na kutangulia kufika, wala na jasho peke yake, wala na kibali cha dola peke yake. Hutokana na wajibu alioubeba mhamiaji mbele ya wale aliowakuta na wale watakaomfuata. Na wajibu huo una upande wa pili, ambao ni wa mwenyeji.

2.0 Jiwe na Mlima

Kuna masimulizi mawili makuu kuhusu asili ya Wakamba. Kwa mujibu wa simulizi la kwanza, Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya jabali la Nzaui, katika Makueni ya leo, na alama zilizomo katika jabali hilo husemwa kuwa ni nyayo zao. Simulizi la pili lasema kuwa Wakamba walitokea upande wa Kilimanjaro, wakapitia nyanda za Chyulu, wakafika Nzaui na Kilungu, na hatimaye wakatulia katika vilima vya Mbooni, mnamo karne ya 17 kwa makisio ya wanahistoria. Kutoka Mbooni walitawanyika, na katika karne ya 18 baadhi yao walivuka mto Athi kuelekea mashariki wakaanzisha makazi ya Kitui.

Mwanahistoria hulazimika kuchagua, naye huchagua la pili. Mhakiki wa fasihi hana dharura hiyo. Kazi yake ni kuuliza kila simulizi linafanya nini katika jamii inayolisimulia. Simulizi la jiwe hutoa haki ya uzawa: sisi hatukutoka kokote, kwa hiyo hakuna awezaye kutuambia turudi tulikotoka. Simulizi la mlima hutoa haki ya safari: tulitembea, tukateseka, tukafika, na mateso hayo ndiyo hati yetu. Haki hizi mbili hupingana zinapotumiwa dhidi ya mtu mwingine. Mwenye kudai haki ya jiwe humwona kila afikaye baadaye kuwa ni mvamizi. Mwenye kudai haki ya mlima hana msingi wa kumzuia msafiri mwingine, kwani yeye pia aliwahi kufika.

Hata hivyo, simulizi la jiwe lenyewe lina jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Ushahidi linaoutoa ni nyayo. Lingeweza kutaja alama ya mkono, kiti au jiko la kwanza. Badala yake limetaja alama ya mguu, ambayo kwa asili yake ni ishara ya mtu aendaye. Hivyo basi, hata uzawa umeandikwa kwa hati ya mwendo. Haielekei kuwa hili ni kosa la msimulizi. Yaelekea zaidi kuwa jamii iliyoyahifadhi masimulizi yote mawili ilijua kuwa hakuna mwenyeji ambaye hakuwahi kuwa mgeni, ila tu miaka imepita mingi kiasi cha mguu kugeuka jiwe.

Suala hili linapata kina zaidi likitazamwa kwa mwanga wa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliteua maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kueleza dhana ya wakati. Kwa Mbiti, aliyefariki dunia hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina; akifa wa mwisho kumkumbuka, marehemu huzama katika Zamani. Nadharia hii imehojiwa na wanafalsafa wengi, hasa kuhusu wakati ujao. Lakini kwa mintarafu ya uhamiaji inaibua swali ambalo wahojaji hao hawakulipa nafasi: yanakuwaje kumbukumbu za wafu pale walio hai wanapohama? Mhamiaji haachi shamba tu. Anaacha mahali ambapo majina yalikuwa yakitajwa. Asipoyataja kule aendako, atakuwa ameiharakisha Zamani ya jamaa zake. Ndiyo maana kuwapa watoto majina ya babu na bibi si desturi ya kupendezesha tu kwa mtu aliyehama. Ni namna ya kuwabeba waliokufa kuvuka mto.

3.0 Kutoka Kyengo hadi Nyumbani

Mjadala kuhusu haki hauwezi kubaki hewani. Yafaa kutazama jinsi makazi mapya yalivyopatikana katika maisha ya kawaida. Kikamba hutofautisha ardhi iliyolimwa na kumilikiwa, yaani ng'undu, na nyika ya malisho ambayo haikuwa ya mtu mmoja, yaani weu. Baina ya hizo mbili palikuwepo kyengo, kambi ya mifugo iliyojengwa mbali na nyumbani. Vijana walikwenda kyengo na ng'ombe wakati wa kiangazi, wakajenga boma la miiba, wakalala hapo miezi kadhaa. Samadi ilipojaa na udongo ukanona, palipandwa mtama au kunde. Aliyepanda alisubiri kuvuna. Aliyesubiri kuvuna alijenga kibanda, na mwenye kibanda alihitaji mtu wa kuteka maji na kuwasha moto. Kambi ikawa nyumba bila siku yoyote mahsusi ambayo mtu angeweza kuinyoshea kidole na kusema: hapa ndipo tulipohama.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kuwa uhamiaji wa aina hii haukuwa tukio; ulikuwa mazoea yaliyorefuka. La pili ni kuwa mwenyeji wa kwanza aliyekutwa hakuwa mtu bali ukame. Katika nchi ambayo mito yake mingi hukauka na kubaki mchanga mtupu, makazi hutegemea ujuzi wa kufukua mchanga mpaka maji yapatikane. Kisima cha mchangani huporomoka, hufukiwa na mafuriko, na huchimbwa tena msimu ujao. Mtu hawezi kukichimba peke yake mwaka baada ya mwaka, wala hawezi kumnyima jirani maji leo akatumaini kusaidiwa kesho. Kwa hiyo utui, yaani ujirani wa nyumba kadhaa, na mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, havikuwa mapambo ya utamaduni. Vilikuwa masharti ya kuishi. Mgeni alipokubaliwa katika mwethya alikuwa amepewa jembe kwa maana kamili ya methali: alilima kwa mwenzake akijua kuwa mwenzake atalima kwake.

Njaa nazo zilikuwa na nafasi yake. Wakamba huzitaja njaa kwa majina, kama watu wengine watajavyo wafalme. Ile ya Ngomanisye, ya miaka ya 1897 hadi 1899, ilisambaratisha jamaa wengi wakati uleule ambao reli kutoka Mombasa ilikuwa ikipita Kibwezi na Makindu kuelekea Nairobi. Njaa ya mwaka 1961 ilipewa jina la ndeke, kwa kuwa chakula kililetwa kwa ndege. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, maana yake nafa huku ninazo, kwa kuwa fedha zilikuwepo mkononi na chakula hakikuwepo cha kununua. Majina haya ni fasihi fupi kupita zote, na kwa mhamiaji yana kazi maalumu: ndiyo kalenda ya kuhama. Familia nyingi huweza kueleza zilifika zilipo baada ya njaa gani, hata pale zisipoweza kutaja mwaka.

Mtu mmoja, hata hivyo, amekuwa mhamiaji katika kila kizazi bila kuitwa hivyo, naye ni mke. Katika jamii ambamo bi harusi huenda kuishi kwa ukoo wa mume, kila mwanamke aliyeolewa ni mgeni aliyepewa jembe, mara nyingi hata kabla ya siku ya tatu. Yeye ndiye aliyefukua mchanga, aliyepalilia, na aliyekuwa uti wa mgongo wa mwethya. Lakini ardhi ilipokuja kuandikishwa, daftari lilijazwa majina ya wanaume. Ikiwa jasho pekee hutoa haki, basi nusu ya wenye haki katika Ukambani walisahauliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeukataza ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila zinazohusu ardhi, na hilo ni jambo kubwa. Ila haliondoi funzo kwamba mgeni anaweza kukaa miaka hamsini, akazaa wenyeji, na bado akahesabiwa mgeni.

4.0 Makueni baada ya 1945: Jembe bila Ardhi

Katika miaka ya 1930 hifadhi ya Machakos ilikuwa imesongamana, na udongo wake ulikuwa ukichukuliwa na maji. Serikali ya kikoloni iliona kuwa kosa ni la ng'ombe. Mwaka 1938 ilianza kunyang'anya mifugo kwa nguvu. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kumwona gavana. Muindi alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Hivyo mtu aliyepinga kuporwa ng'ombe alifanywa mhamiaji kwa amri, na kupelekwa mahali ambapo hakuwa na ng'undu wala utui.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ilileta suluhisho jingine, yaani mpango wa makazi wa Makueni. Nchi hiyo ilielezwa kuwa tupu kwa sababu ya mbung'o na vifaru. Mwindaji J. A. Hunter aliajiriwa, na kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua karibu vifaru elfu moja, kisha vichaka vikafyekwa. Neno "tupu" linahitaji kuhojiwa. Nchi ambamo watu walilisha mifugo, walitundika mizinga ya nyuki na kuwinda si tupu, ila haikaliwi kwa namna ambayo karani huitambua. Aidha, utupu huo ulitengenezwa: vifaru elfu moja ni wakazi pia, ingawa hakuna mjadala wa haki uliowahesabu.

Walioingia Makueni walipewa mashamba kwa masharti. Walitakiwa kuchimba matuta, kuweka kikomo cha mifugo na kulima walivyoelekezwa. Aliyekiuka aliweza kuondolewa. Mwanzoni wengi walisita kwenda, wakihofia kwamba nchi ikishafyekwa Wazungu wataichukua. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Ilitokana na kumbukumbu ya vilima na nyanda zilizowahi kuchukuliwa, nayo ilikuwa imeufahamu mkataba vizuri kuliko walioutunga: mgeni amepewa jembe, lakini ardhi imebaki mkononi mwa anayempa.

Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Matuta yaliyokuja kuenea sana Machakos na Makueni, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, huitwa "fanya juu". Jina hili ni kitenzi cha amri kilichogeuzwa kuwa nomino. Ndani yake bado husikika sauti ya msimamizi aliyesimama pembeni akiamrisha. Lakini waliobaki na matuta hayo baada ya msimamizi kuondoka waliyaendeleza kwa hiari yao, kwa mwethya za wanawake hasa. Na utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa idadi ya watu iliongezeka huku mmomonyoko ukipungua. Amri ilifanywa mali ya walioamriwa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi mhamiaji anavyoweza kukigeuza kilichoanza kama shuruti kuwa uenyeji. Tofauti na wanakijiji wa Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi, ambao kuhamishwa kwao katika vijiji vya ujamaa kunabaki kuwa kidonda, wahamiaji wa Makueni walikuwa na muda wa kuufanya mpango wa wengine uwe wao. Muda, basi, nao ni sehemu ya haki.

Si wote waliopata muda huo. Wengine walikwenda bila mpango wowote, wakajenga katika ardhi ya serikali kuelekea Kibwezi na Mtito Andei. Kiswahili cha Kenya kiliwapa jina la maskwota. Neno mlowezi, litokanalo na kulowea, yaani kukaa moja kwa moja ugenini, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na Mzungu mwenye maelfu ya ekari. Vitendo vilikuwa vya aina moja: kufika, kufyeka, kujenga. Tofauti ilikuwa katika nani aliyetambuliwa na dola. Vilima vya Chyulu vilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1983, waliokuwa wakilima humo waliondolewa. Na mtu aliyeambiwa mwaka 1946 kuwa wanyama watampisha, sasa mwanawe aliambiwa awapishe wanyama.

5.0 Mgeni Anapokuwa Mwenyeji

John Locke, katika risala yake ya pili kuhusu utawala ya mwaka 1689, alidai kuwa mtu huipata ardhi kwa kuichanganya na kazi yake, mradi abakize ya kutosha na iliyo nzuri vilevile kwa wengine. Historia ya Makueni yaelekea kuunga mkono nusu ya kwanza ya dai hilo. Nusu ya pili ndiyo yenye matatizo, na pwani ndipo yanapoonekana wazi.

Wakamba wana historia ndefu ya kukaa pwani. Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai tangu miaka ya 1840, aliwakuta Wakamba wakikaa jirani. Na ni Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui, aliyempokea bara mwaka 1849. Makazi hayo ya kale hayakuwa na hati. Yalitegemea biashara na maelewano na wenyeji. Kuanzia miaka ya 1950, Wakamba wengine waliwekwa na serikali katika mpango wa makazi wa Shimba Hills, Kwale. Mwezi Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni na kuenea Kwale. Watu wa bara, Wakamba wakiwa miongoni mwao, walishambuliwa, baadhi wakauawa, na maelfu wakakimbia. Watu waliokuwa na jembe mkononi kwa miongo kadhaa waliambiwa kuwa siku zao mbili zimekwisha.

Mauaji hayana utetezi, na ghasia zile zilichochewa na siasa za uchaguzi. Lakini haki inadai pia kusikiliza lililokuwa chini ya uchochezi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, Wadigo na Wamijikenda wengine wengi walijikuta maskwota katika nchi ya mababu zao. Wao hawakuulizwa mgeni alipoletwa, na dola iliyompa mgeni hati haikuwapa wao. Mwenyeji asiye na ardhi hawezi kumpa mgeni jembe kwa moyo mkunjufu. Kosa la dola lilikuwa kutoa ukarimu wa mali ya mwingine, kisha kuwaacha mgeni na mwenyeji wadaiane deni ambalo si lao.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna Makindu. Mwaka 1926 Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli walijenga hapo hekalu lao. Walikuwa wageni kamili: lugha, dini na vyakula vyao vilikuwa vya ng'ambo. Hata hivyo hekalu hilo limejulikana kwa kumpa chakula kila msafiri wa barabara ya Mombasa anayeingia, bila malipo na bila kuulizwa dini wala kabila. Mgeni ndiye aliyefungua mlango. Hakudai uenyeji kwa kutangulia, aliutenda. Anayemlisha mpita njia ameshika nafasi ya mwenye nyumba, na hakuna awezaye kuitenda kazi hiyo akabaki mgeni kwa maana ileile ya awali.

Huenda ikajibiwa kwamba kipimo hiki cha wajibu ni cha hatari, kwa kuwa mwenyeji ndiye atakayekuwa hakimu wa iwapo mgeni ametimiza wajibu, naye atasema daima kuwa bado. Pingamizi hili ni zito. Ndiyo sababu haki ya kukaa lazima ilindwe na sheria, na ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Sheria huweka sakafu ambayo chini yake mgeni hawezi kuangushwa. Ila sheria haiwezi kumfanya mtu awe jirani. Watu wa mashariki ya Kitui, ambao leo hupambana na wafugaji wa ngamia waletwao na kiangazi kutoka Tana River na Garissa, wanalijua hili kwa uchungu. Wao ambao babu zao waliigeuza kyengo kuwa nyumba sasa wanaiona kambi ya mwingine ikirefuka katika weu wao. Mashamba yaliyoliwa ni hasara ya kweli, na waliouawa katika migogoro hiyo hawafufuki. Lakini anayedai haki ya jiwe leo akumbuke kuwa jiwe lake lina nyayo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa methali ya mgeni na jembe haijakamilika ikisomwa kama onyo kwa mgeni peke yake. Kumpa mtu jembe ni tendo la watu wawili. Anayelipokea anakubali kufukua mchanga pamoja na wengine, kulima kwa mwenzake na kutajiwa jina katika utui. Anayelitoa anakubali kuwa pawepo mahali pa kulimia, na kuwa siku moja mgeni huyu atasimama mlangoni kumkaribisha mwingine. Serikali ya kikoloni huko Makueni ilitoa jembe ikazuia ardhi. Serikali zilizoifuata zilitoa ardhi ya pwani bila kumuuliza ambaye jembe lake lilikuwa tayari limenyang'anywa. Ukoo ulimpa mke jembe ukamnyima jina katika daftari. Katika hali zote tatu methali ilitimizwa nusu, na nusu iliyobaki ikalipwa na wasiohusika.

Nusu hiyo haitapatikana katika hati peke yake wala katika masimulizi ya asili peke yake. Inapatikana katika kisima cha mchangani, ambacho hakuna anayekumbuka nani alikichimba kwanza, kwa kuwa kila mwaka sharti kichimbwe upya.